Mashini Iliyotuhesabu Mtu Mmoja

Ilianza Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Naikumbuka saa kwa sababu umeme ulikuwa umerudi punde tu, na mashini yetu, kama kawaida yake, ilikuwa bado inajivuta kufunguka. Nilikuwa nimekodolea macho ile pembe ya skrini ambako saa hutangulia kuonekana kabla ya vitu vingine vyote. Nilikuwa peke yangu katika sekretaria ya mama. Ndivyo tunavyoviita vyumba kama hiki hapa Bunia: meza moja, kompyuta, printa, kiti cha plastiki mbele ya shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani, na nje kibao cha kuwaambia watu kwamba tunachapa barua, tunatoa fotokopi na tunapiga picha za pasipoti. Mama alikuwa amekwenda kutafuta wino.

Wakaingia wanawake wawili. Mkubwa wao alikuwa amekumbatia sashe nyeusi, mfuko wa plastiki, kifuani. Mdogo ndiye aliyepiga hodi.

"Karibuni," nikasema.

"Iko mutu hapa?" akauliza, na huku ananiangalia usoni.

"Niko, mama."

"Ah! Nilifikiri ni mashini inapumua."

Nimezoea, sauti yangu ni ndogo. Hata darasani mwalimu huniambia nijibu tena, na nikijibu tena wenzangu hucheka kabla sijamaliza. Lakini yule mwenye sashe hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha kupigiwa picha bila kukaribishwa, akatazama shuka, kisha akatazama mashini, na hapo akatulia kama mtu aliyefika nyumba aliyokuwa anaitafuta.

Alikuwa mama wa kwetu. Nasema wa kwetu maana ya wale waliotoka upande wa kusini, Kivu ya Kaskazini, wakaja Ituri kwa biashara, kama wazazi wangu. Alikuwa na duka la chumvi na sabuni Iga Barrière mpaka siku walipokimbia mapigano. Tangu hapo walikuwa wanakaa chini ya bashi, turubai la plastiki, pamoja na wahamaji wengine, pembeni mwa mji. Mdogo wake ndiye aliyeongozana naye. Hayo aliyasema upesi, kama mtu anayepita mahali pasipompendeza, kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Mutoto yangu mwanamuke alikufa jana ku hospitali. Homa ya matumbo. Ilimutoboa utumbo ndani. Tunamuzika kesho asubui."

"Pole, mama," nikasema. Sijui kama alisikia.

"Alipigaka picha hapa kwenu. Ile mwaka yake ya egzameni, ya kuweka ku dosie. Mi nilimuleta mi mwenyewe. Sasa simu zetu zilibaki kule. Balisafisha nyumba yote, hata kijiko habakuacha. Sina uso wake hata moja. Usiku mu morge, kando ya maiti yake, nikakumbuka: ile mashini ya Bunia iko naye."

Akafungua sashe. Ndani mlikuwa na kadre ya mbao ya kutia picha, kubwa, mpya, kioo chake bado kimefunikwa nailoni.

Hapa kwetu sanduku haliendi makaburini bila picha. Mtu mmoja hutangulia na msalaba, na mwingine hubeba picha. Watu wanaulilia ule uso, kwa sababu sanduku limefungwa na haliwezi kuwatazama. Baadaye picha inatundikwa nyumbani, na hata nyumba ikiwa ni bashi, watatafuta kamba ya kuitundika. Sehemu kubwa ya kazi ya mama ndiyo hiyo: kukuza picha za pasipoti za watu waliokufa, na pengine kuwavalisha koti na tai ambavyo hawakuwahi kuwa navyo.

"Jina lake ni nani?" nikauliza.

Akalitaja. Ni jina langu.

Sikushtuka. Katika kabila letu jina la mtoto halitafutwi, linamngoja. Msichana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na wavulana vilevile, katika kila nyumba, toka zamani. Mimi ni wa tatu. Kila msichana wa tatu wa watu wetu anaitwa kama mimi. Kanisani mtu akiniita, wanageuka vichwa vingi, na mimi mara nyingi sigeuki, nasubiri kwanza nione kama kuna mwenzangu aliyeitwa. Mwenye jina kama lako tunamwita majina. Ni neno la kirafiki, kama kusema ndugu.

Nami nilimkumbuka huyu majina. Picha nilimpiga mimi, kwa sababu siku ile mama alikuwa na foleni ya fotokopi. Nilimwambia ainue kidevu, hakusikia. Nikamwambia tena, hakusikia. Akauliza, "Unasali ama unasema na mi?" kisha akaangua kicheko, na mimi nikabonyeza bila kutaka. Ile ya kicheko hatukuweza kuitumia, shule haipokei meno. Tukapiga ya pili. Nilipomuuliza jina ili niiandike, akapiga makofi: "Majina! Kumbe weye? Majina yangu haijue hata kusema?" Mama yake alikuwa mlangoni siku hiyo, sasa nilimkumbuka naye pia, mnene zaidi, na mkoba wa bluu.

Basi niliandika jina letu kwenye kisanduku cha kutafutia. Mashini ikafikiri. Ikatoa picha moja. Sikuangalia vizuri, niligeuza skrini kumwelekea mama wa watu nikiwa na haraka ya kumfurahisha. Ndiyo haraka ninayoijutia.

Alitazama. Akanitazama. Akatazama tena.

"Huyu ni weye."

Ilikuwa mimi kweli, na sare ya darasa la saba, siku ya kwanza ya sekretaria, mama alipokuwa anajaribu kamera.

"Fungua ingine," akasema.

"Hakuna ingine, mama."

"Angalia bien, muzuri, mutoto yangu. Iko. Niliona na macho yangu mukiiweka."

Sisi huweka picha za kila siku katika dosie yake, folda ya tarehe ile, na kila picha tunaiandika jina la mteja. Nikafungua dosie ya msimu ule wa egzameni, wa mitihani ya shule. Dosie zilikuwepo zote, lakini ndani mlikuwa kama mdomo wa mzee. Wateja wa makabila mengine, wenye kuzaliwa Ituri tangu mababu, ambao kila mtoto anapewa jina lake peke yake, walikuwepo. Watu wetu hawakuwepo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wote wametoka. Nikatafuta majina mengine ya kwetu, moja baada ya lingine. Kila jina lilibakiwa na mtu mmoja.

Hapo nikaelewa. Nikampigia mama simu nje, ili wasisikie.

Lazima nieleze habari ya kusafisha mashini. Mashini yetu ilikuwa imechoka tangu zamani. Ukiiwasha asubuhi unaweza kupika chai, ukainywa. Wakati wa kuandikisha wanafunzi, foleni ilikuwa inafika barabarani, na kijana wa sekretaria ya ng'ambo ya barabara alikuwa anawaita wateja wetu kwa sauti: "Kwa ile mama mutaota mvi ku mustari! Mukuje huku!" Na walikuwa wanakwenda. Mama alikuwa anajifanya hasikii.

Mujomba, mdogo wake mama, anasoma informatiki, elimu ya kompyuta. Akaja siku moja na programu ndani ya flashi. Mimi nilikuwa shuleni, lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka ni kama nilikuwepo. Programu ile ilipofunguka ilianza kuhesabu, na namba zikapanda kwa rangi nyekundu: vitu vibaya vya huku, mabaki ya kule, makosa ndani ya matumbo ya mashini. Mama aliogopa kama mtu aliyeonyeshwa matokeo ya maabara. Chini palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, "Nettoyer", yaani safisha. Mujomba akabonyeza, na namba zikashuka mpaka sifuri. Mama akasema, "Yesu!"

Halafu programu ikauliza kama inaweza kutafuta pia "doublons", yaani vitu vilivyorudiwa bure. Kulinganisha kila faili ndani kwa ndani kungechukua siku nzima, basi mujomba akachagua njia ya mkato: ilinganishe majina tu. Orodha ikaja ndefu kupita skrini.

"Hivi vyote ni nini?" mama aliuliza.

"Ni kitu kilekile, yaya," mujomba alimwambia dada yake mkubwa. "Angalia, jina moja mara ngapi! Njo inajaza mashini yako."

"Njo ile mi nahifadhi mara mbili mbili bila kujua?"

"Njo vile."

"Basi toa."

Mama ana jina la msichana wa pili. Mujomba ana la mvulana wa nne. Katika orodha ile majina yao yalikuwepo, yamejirudia, na hawakuona watu. Nimeliwaza sana jambo hili. Mgeni angeuliza: mbona wateja wenu wanaitwa hivyo hivyo? Sisi tumezoea mno. Mashini ikaacha faili ya zamani kuliko zote katika kila jina, ikaiita ya asili, na nyingine zote zikawa nakala. Katika jina langu ya zamani ilikuwa ile ya sare ya darasa la saba. Kwa hesabu ya mashini, yule aliyecheka alikuwa mimi, nimewekwa tena kwa makosa.

Mujomba, kwa sababu ni mtu anayependa kumaliza kazi, akaweka pia alama kwenye kisanduku kinachosema nafasi iliyo wazi ipigwe deki, isibaki hata harufu. Jioni ile mashini ilikimbia kweli. Mama alinipokea mlangoni akicheka. Baada ya muda mfupi ilirudia mwendo wake wa zamani, na tukasema labda ni umeme. Hakuna aliyegundua lolote. Mtu wa picha ya pasipoti harudi kuulizia picha ya mwaka jana, labda awe amekufa.

Mama alifika kwa pikipiki ya motari, hata wino hakununua. Alipiga magoti mbele ya yule mama akamsalimia kwa lugha yetu, muda mrefu, kama inavyotakiwa kwa mfiwa. Kisha akasema kwamba picha "imejificha kidogo" na mujomba anakuja na fundi. Nilitamani asiseme imejificha. Yule mama alitikisa kichwa akaweka kadre mapajani, tayari.

Mujomba alikuja na fundi anayetengeneza kompyuta karibu na soko, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya usingizi. Alichomeka diski yake, akaendesha programu ya kurudisha vilivyofutwa. Jua lilikuwa linashuka upande wa barabara ya Marabo, pikipiki zinapita mlangoni na vumbi linaingia na hakuna aliyeinuka kufunga. Kila faili ikitokea mujomba alikuwa anasema, "Hii! Hii!" na fundi anaifungua, ni rangi ya majivu tu. Zile ndefu ndefu, zenye majina ya ajabu, nazo majivu.

Mwishowe fundi akavua miwani.

"Kama mungefuta tu, ningerudisha. Kufuta ni kutoa jina ya mutu ku mulango. Mutu bado iko ndani ya nyumba. Lakini hapa mulipita mara ya pili, mukamimina maji mu kila chumba. Ndani hamuna mutu."

"Na vile vipicha vidogo vidogo mashini inajichoreaka?" mujomba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua kuliko yangu.

"Vile njo inasafishaka kwanza."

Yule mama alikuwa ameelewa Kiswahili chote hicho. Akauliza polepole, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua:

"Kwani ilikuwa uchafu?"

Fundi akachomoa diski yake.

"Nauliza weye, papa fundi. Mutoto yangu alikuwa uchafu ya mashini?"

"Hapana, mama," fundi akasema. "Ni programu tu. Haijuake mutu."

Nje, alipokuwa anafunga vitu vyake, nilimfuata. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikamuuliza kama programu zile zinafaa kitu. Alinitazama, nadhani alikuwa hajaona kwamba nilikuwepo.

"Mi mwenyewe nilikuwa naziweka kwa kila muteja," akasema. "Bateja banapenda kuona ile nyekundu inashuka. Unamuambia mashini yake imepona, analipa, anaenda. Lakini mashini yenu ni nzee, kumbukumbu yake ni ndogo, na humo ndani vumbi imejaa kama godoro. Ungechukua burashi, ungetoa vumbi, ungezuia zile programu zinajiamushaka asubui bila kuitwa, ingesaidia zaidi. Mashini iko na kifagio yake ya kuzaliwa nayo, ile inatosha kwa takataka ya kweli. Na mbele ya kufagia, weka picha zako ku diski ingine. Njo yote."

"Na yale makosa ya ndani?"

"Makosa gani? Yalikuwa yanakusumbua?"

"Hapana."

"Basi."

Nimeyaandika maneno yake kwa sababu tangu siku ile watu wa kartiye, mtaa wetu, wameniuliza, na mimi si mtu wa kueleza kwa mdomo. Sisemi programu zote ni mbaya. Kuna zinazofagia vitu vya muda tu, na hizo hazimdhuru mtu, ingawa hazimfanyi mzee kuwa kijana. Lakini ile inayokuja na namba nyekundu, inakutisha kwanza ndipo inakuponya. Na neno lenyewe, kusafisha. Hapa Ituri tunalitumia kwa sufuria, kwa kompyuta, na kwa kijiji kilichopitiwa na watu wenye bunduki. Yule mama alilisema mara ya kwanza akiwa na maana yake, na mimi nilipolisema baadaye kumweleza alichofanya mujomba, nilimwona anafumba macho.

Niliporudi ndani walikuwa wanatafuta njia nyingine. Shule ya Iga ilikuwa na picha kwenye dosie zake, lakini shule ilikuwa imefungwa na mwalimu mkuu simu yake haipatikani. Kadi ya kupiga kura marehemu hakuwa nayo, umri haujafika. Marafiki zake wametawanyika. Yule mdogo mtu alipiga simu mpaka betri ikaisha, akachomeka kwetu, akapiga tena. Kila mara alikuwa anasema, "Hata ya pamoja, hata ya mbali, hata anapita nyuma." Hakuna.

Ndipo mujomba aliposema lile jambo. Nafikiri alikuwa ameungua kwa aibu na alitaka kuleta chochote.

"Batoto ba umri moja banafananaka," akasema, haangalii mtu. "Picha ya huyu iko. Shati nyeupe ni ileile. Mi naweza kuigeuza kidogo, nifanye giza giza, nipunguze shavu. Kesho batu bengi ni badeplase, bahamaji tu, habakumujua sana. Na jina ni moja."

Ilichukua muda mama kuelewa kwamba huyu ni mimi. Alipoelewa alisimama na kiti kikaanguka.

"Unataka kuzika mutoto yangu?"

"Yaya, ni picha tu..."

"Uweke uso wa mutoto yangu muzima mbele ya sanduku? Batu balie, bamuage, na yeye eko anasimama pale anaangalia? Wazimu! Toka mbele yangu! Ulifuta ya mwenzake, sasa unataka kumaliza na yangu?"

Alinivuta mkono akanisukuma nyuma yake, kama kuna mtu alikuwa amekuja kunichukua. Nilisikia moyo wake kupitia mgongo. Na mujomba, kijana mzima, akaanza kulia, na kulia kwake kulikuwa kubaya kwa sababu yule mwenye haki ya kulia alikuwa hajatoa chozi tangu aingie.

"Nyamazeni," yule mama akasema.

Mama akainua kiti kilichoanguka.

"Mama, keti. Mi siwezi kuchukua mutoto ya mutu. Nikiweka huyu mu nyumba, kila asubui nitaangalia mutoto ya mwingine, na yangu atapotea mara ya pili." Kisha akanitafuta nyuma ya mama. "Weye. Unamukumbuka?"

Nikasema ndiyo.

"Unamukumbuka kweli, ama unanihurumia?"

Basi nikasema. Nilisema kwamba alikuwa na shati ambalo kifungo cha juu kilikuwa kimetoka, na alifunga kwa pini upande wa ndani ili isionekane, lakini kola ilivutika kidogo kushoto. Kwamba nywele zilikuwa zimesukwa zinarudi nyuma, na moja ilikuwa imefumuka juu ya sikio. Kwamba alikuwa na jino moja lililopanda juu ya mwenzake na alipocheka alilifunika kwa ulimi. Kwamba katika picha ya pili alikuwa amekaza mdomo lakini macho bado yalikuwa yanacheka, na mama alisema shule itaikataa na haikuikataa. Niliongea kuliko nilivyowahi kuongea mbele ya wageni, na nilijua kwamba nikinyamaza tu ile picha itakwisha, hivyo nikaendelea, mpaka rangi ya ukuta, mpaka kivuli cha sikio.

"Pini nilimupa mi," yule mama akasema, na hapo ndipo alipolia.

Mdogo wake alimshika. Mama naye akamshika. Mimi sikujua pa kuweka mikono, nikaichukua ile kadre isianguke. Nikaitazama. Ilikuwa kubwa na haina kitu, na kesho asubuhi lazima iende mbele ya sanduku.

Walipotulia nikauliza kama naweza kuandika jina lake, kubwa, badala ya uso. Mujomba akasema msalabani tayari kuna jina. Ni kweli, msalabani kulikuwa na jina letu, la wasichana wote wa tatu. Nikasema siyo hilo.

"Nyumbani mulikuwa munamuita nani?"

Mdogo wa yule mama akatabasamu kwa uchungu, akamgusa bega. "Sema, yaya. Muambie."

Akalitaja. Ni neno fupi la lugha yetu, la kumtania mtoto aliyechelewa kutembea, aliyekuwa anajiburuta kwa makalio mpaka watu wakamcheka. Lilimganda hata alipokuwa mkubwa na mwenye kukimbia kuliko kaka zake. Hapa siliandiki. Sijawahi kulikuta kwa mtu mwingine na sitaki kulitoa nje.

Nikakaa kwenye mashini. Herufi zilitoka nyeusi, kubwa kabisa, na wino ulikuwa unakaribia kwisha, hivyo herufi ya mwisho ilikuwa hafifu. Mama alitaka tutafute wino mwingine. Yule mama akasema hapana, iachwe vile. Akaiweka ndani ya kadre yeye mwenyewe. Kisha akamwambia mama, si mimi:

"Kesho huyu njo atabeba. Yeye njo alimuona."

Niliona mama anaogopa. Jina langu msalabani, na mimi nyuma ya msalaba. Alifungua mdomo, akamtazama mujomba aliyekaa sakafuni, akaufunga. Akasema, "Atakuja."

Asubuhi yake nilivaa sketi ya kanisani, na sikuenda shule. Tulitoka hospitali kwa miguu nyuma ya pikapu iliyobeba sanduku, watu si wengi, wengi wao wanawake wa kambini na vitambaa vyao vya kila siku kwa sababu vingine hawana. Mvulana wa kwao alitangulia na msalaba. Mimi nilimfuata na kadre kifuani. Watu wa barabarani, wale wauza ndizi na motari waliosimama kutupisha, walitazama kutafuta uso kama ilivyo desturi, wakakuta neno. Walikunja nyuso. Mmoja alisema kwa sauti, "Hawa nao, banazika karatasi?" na mwenzake akampiga kofi la mgongo.

Makaburini mzee mmoja, nadhani babu mdogo wa marehemu, alinijia akiegemea fimbo. Macho yake yalikuwa na ukungu. Aligusa kioo kwa vidole, akakipapasa, akatafuta pua na mdomo.

"Sioni. Bameweka nini hapa?"

"Jina, babu."

"Lisome."

Nikalisoma. Akasimama vilevile, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua amemwona. Akaja mwanamke mwingine, mwenye mtoto mgongoni, akasema yeye hakusoma shule, imeandikwa nini. Nikamsomea. Akaja mwingine. Wakapanga mstari, mmoja mmoja, na mimi nikamsomea kila mmoja lile neno fupi, huku wanaume wakishusha kamba, mpaka mstari ukaisha.